Meneja Aliyeacha Kuamkia

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Na ndugu zetu Waislamu mliokaa upande ule wa dirishani, asalaam aleikum. Vijana hamjambo. Wazee wangu wote, wa kike na wa kiume, shikamooni.

Mmeitikia vizuri, isipokuwa mmoja. Nimemwona, amefunga mdomo anatazama dari. Si bahati mbaya, namjua. Nitamfuata mwenyewe nikishamaliza.

Mwenyekiti amenipandisha hapa niwaeleze ukocha wa viongozi ni kitu gani. Nyie mlioteuliwa juzi kuongoza shule, zahanati na vyama vya wakulima mmeambiwa kila mmoja atapata kocha wa kukaa naye mara moja kwa mwezi, na huko nje nimesikia minong'ono. Wengine mnasema mmeletewa mpelelezi. Wengine mnacheka kwamba kocha ni wa timu ya mpira. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi nilisema hayo hayo, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia ndani ya ukumbi wa parokia. Kwa hiyo sitawasomea kitabu. Nitawaambia nilivyoanguka, mtajua wenyewe kocha ni wa nini.

Mimi ni mtoto wa Mpitimbi. Nilipomaliza shule nilipata kibarua kwenye kituo kimoja cha tumbaku, barabara ya kwenda Namtumbo. Wengine hapa mnatoka mikoa ya mbali, hamjui kazi yenyewe. Tumbaku yetu ni ya moshi. Mkulima anaikausha kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia kwa moto, analeta kituoni siku ya soko, mteuzi anaishika, anainusa, anasema hili ni daraja gani. Kisha inafungwa marobota, inapangwa ghalani, lori linaichukua hadi kiwandani Songea. Sisi wanawake tulikuwa wachambuzi, tunakaa chini tunatenganisha majani siku nzima.

Kulikuwa na mteuzi mmoja pale, mtu mzima, umri wa baba yangu. Huyo ndiye aliyenitoa chini. Aliona nina pua. Akaanza kunifundisha jani linavyolia ukilikunja karibu na sikio, na harufu ya moshi wa kuni mbichi ilivyo tofauti na ya kuni kavu. Kila asubuhi nilifika kwenye meza yake, napiga goti kidogo kama tulivyolelewa, nasema, "Shikamoo baba." Na yeye kila asubuhi alijibu vilevile: "Marahaba mwanangu. Mikono umenawa?" Maana mteuzi hanawi kwa sabuni ya manukato, inaua pua. Tulinawa kwa majivu. Mimi nami nilikuwa namsomea barua za binti yake aliyeolewa mbali, kwa sababu yeye shule aliiacha mapema sana. Hayo yalikuwa mapatano yetu, na hakuna aliyewahi kuyasema kwa mdomo.

Nikapanda. Nikawa mteuzi, nikapelekwa chuo, nikarudi na cheti. Ndipo likaja hili soko huria. Zamani mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia, huu wetu, sasa wanunuzi binafsi wakaanza kuingia na magari mapya, wanawafuata wakulima hadi shambani. Wakubwa mjini wakashtuka. Meneja wetu akastaafishwa, wakatafuta mtu mwenye cheti, nikateuliwa mimi. Mwanamke, tena wa pale pale, aliyekuwa anakaa chini na wachambuzi.

Siku ya kukabidhiwa ofisi, mkubwa mmoja alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mama, nikupe siri. Ukianza kuwaamkia watu unaowaongoza, watakupanda kichwani. Shikamoo iache getini."

Nilimwamini. Msinicheke, wapo humu mnaofanya hivyo hivyo. Nilikuwa naogopa. Niliona wanaume wale wote wazima, nikajiuliza nitawaamrishaje watu ambao jana niliwapigia goti. Asubuhi ya kwanza ya umeneja nikaingia ghalani nimevaa viatu vya kisigino, nimenawa sabuni ya manukato niliyonunua mjini kwa ajili ya cheo. Yule mzee alikuwa amesimama mezani pake, ameshatayarisha uso wa kuitikia. Nikasema, "Habari za kazi."

Wachambuzi waliacha kuchambua. Yeye akaniangalia kidogo, akajibu, "Nzuri, meneja."

Basi. Tangu siku hiyo sikuitwa mwanangu tena. Niliitwa meneja, na nikadhani nimeshinda.

Ndugu zangu, kituo kiliziba. Sijui niseme vipi. Watu walikuja kazini, walifanya nilichosema, hawakuzidisha hata chembe. Mimi nikaona ni nidhamu. Nikawa nashika kila kitu mwenyewe. Mteuzi akitoa daraja, nalichukua jani nalinusa tena mbele ya mkulima. Foleni siku ya soko ikawa inafika barabarani, mvua inawanyeshea watu na mali yao, na wanunuzi binafsi wamesimama kule ng'ambo wanawapungia mkono. Wateuzi wawili wakaondoka wakaenda kwa wanunuzi hao hao. Sikuuliza kwa nini. Nilisema waende, wasaliti.

Kisha siku moja yule mzee akaja mlangoni pa ofisi. Alivua kofia. Akasema, "Meneja, lile fungu la ukutani linapumua." Kwa lugha ya ghala, marobota yakianza kupata joto ndani tunasema yanapumua. Dawa yake ni kuyapangua siku ile ile. Mimi nilikuwa na karatasi mbele yangu na hasira kichwani, sikuinua hata macho. Nikamwambia, "Andika ripoti, uilete mezani."

Aandike ripoti. Mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namsomea barua za mwanawe.

Alivaa kofia, akatoka. Hakuandika, na mimi sikwenda kuangalia. Lori likapakia, likaenda mjini, na siku ya soko, wakulima wamejaa uani, tukaliona linarudi na mzigo wote. Kiwanda kimekataa. Walipofungua marobota yalikuwa na ukungu mweupe hadi katikati. Jasho la vijiji vizima, limeoza mikononi mwangu.

Wakulima wakaanza kupiga kelele. Nikatafuta wa kumtupia. Yule mzee alikuwa karibu. Nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote, nikasema, "Wewe! Pua yako imekufa. Kaa pembeni wanaojua wafanye kazi."

Nimemwita wewe, mbele ya wakulima, yeye mwenye wajukuu. Alifuta meza yake kwa kitambaa kama alivyofanya kila jioni, ingawa ilikuwa bado asubuhi, akachukua kofia akaondoka. Hakurudi.

Barua ikaja kutoka mjini. Ilikuwa fupi: msimu mmoja zaidi, na kama mzigo utarudishwa tena, kituo kinafungwa. Kituo kikifungwa maana yake wale wanawake wanaochambua, wengi wao wajane, hawana pengine pa kwenda. Na wote walijua ni nani atakayekuwa amewafungia.

Hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Sipendi kupasema lakini nimeahidi ukweli. Nilikuwa natapika kabla ya kwenda kazini. Ofisi yangu ilikuwa na dirisha la kioo, kwa hiyo nikitaka kulia nakwenda chooni, nafunga mlango, nauma kanga. Nilianza kunywa ulanzi mchana, ile pombe ya mianzi, naufikisha kazini kwenye chupa ya chai. Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Mpitimbi, akakaa nami siku mbili, siku ya tatu akafunga mzigo wake. Akasema, "Mwanangu, siku hizi unaongea kama barua ya serikali. Nitarudi ukipona." Nilikuwa na barua ya kuacha kazi kwenye pochi, nimeiandika mara nne. Na kuna siku nilisimama kando ya barabara ya Namtumbo, malori yanateremka, nikatamani nisiwepo. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Kama kuna mtu humu leo amesimama mahali kama pale, asitoke hapa bila kuongea nami. Nasema kweli.

Ndipo alipokuja huyo kocha.

Alikuwa kijana, mdogo kwangu, mtu wa Tanga, Mwislamu, mpole wa maneno. Wakubwa walimwajiri awasaidie mameneja wa vituo kulikabili hilo soko huria. Nilimwona kupitia kioo akishuka kwenye basi. Akamwamkia mlinzi shikamoo. Akamwamkia mama anayefagia shikamoo. Nikasema moyoni, huyu hajui cheo chake. Akaingia kwangu: "Shikamoo dada." Nikashtuka. Nilikuwa sijaisikia siku nyingi pale ndani, kwenda wala kurudi.

Nikamwambia, "Umetumwa kunichunguza?"

"Hapana dada. Mkubwa wako nitamwambia tarehe tulizokutana, basi. Tutakayoongea ni yako."

"Haya. Nifanye nini ili kituo kisifungwe?"

"Wallahi sijui. Tumbaku siijui hata kuivuta."

Nikamfukuza. Kweli, nilimfukuza! Nilisema, kama hujui umepanda basi kuja kufanya nini. Akaenda akakaa ghalani juu ya kreti tupu, siku nzima, na daftari lake. Jioni saa kumi na moja akarudi, akauliza kama naweza kusikia alichoona. Nikasema sema.

"Leo umetoa amri nyingi, nimechoka kuzihesabu. Maswali hujauliza hata moja."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta swali hata moja nililouliza siku ile, nikakosa.

Sasa ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi ya kocha, kama nilivyoielewa mimi. Si mwalimu, maana hakufundishi kazi yako. Si mshauri, maana hakupi jibu lake. Kule uwanjani kocha haingii kupiga mpira, anakuona unavyocheza kwa sababu wewe mwenyewe hujioni. Anakuuliza, halafu ananyamaza. Ule unyamavu ndio unaoua. Nilikuwa naujaza kwa maneno, yeye anangoja tu niishiwe.

Mwezi wa pili wa kukutana naye aliuliza, "Mara ya mwisho mtu kukuletea habari mbaya, kabla hujaiona kwa macho yako, ilikuwa lini?"

Nikamwona yule mzee mlangoni, kofia mkononi. Nikasimulia. Nilipofika kwenye "andika ripoti" sauti ikakatika. Kijana hakunibembeleza. Aliuliza tu, taratibu, "Zamani, wewe na yeye mlikuwa mnaianzaje siku?"

Nililia mbele yake, bila kanga mdomoni, na kioo kile kile kinanionyesha kwa ghala zima.

Nilipotulia akasema, "Utafanya nini?" Nikasema nitakwenda kumwamkia. "Lini?" Kesho. "Saa ngapi?" Hana huruma yule mtu.

Nikaenda. Nilimkuta kwenye bani lake anapanga kuni, msimu wa kukausha ulikuwa umeanza. Nikapiga magoti kwenye majivu nikasema, "Shikamoo baba." Alisukuma gogo ndani ya moto. Nikarudia. Akachukua gogo jingine. Mkewe alinionea huruma, akaniletea togwa, nikainywa nikiwa bado nimepiga magoti, nikarudi nyumbani bila marahaba. Mnaijua hiyo? Kumwamkia mzee asiitikie? Kwetu hakuna kibao kinachouma kama hicho.

Kocha aliporudi nilimsimulia kwa hasira. Nikasema nimefanya ulichotaka, na haikusaidia. Akasema yeye hakutaka kitu. Akauliza, "Ulikwenda kutafuta nini?"

"Arudi kazini. Ile pua ndiyo itakayookoa kituo."

"Na yeye alijua hivyo?"

Alijua. Bila shaka alijua. Basi mara ya pili sikwenda kuomba. Nilimsaidia kutundika majani, mchana kutwa, moshi machoni, na nikamwamkia nilipofika na nilipoondoka. Hakuitikia. Lakini aliniachia nafasi pembeni yake kwenye kamba, na mimi nikaishika hiyo kwa mikono miwili.

Wakati huo huo ghalani nilikuwa nimeanza kuuliza. Sikujua kuuliza, nilikuwa kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilikaa chini na wachambuzi, nikauliza, "Mnaona nini nisichokiona?" Siku za kwanza waliangaliana tu. Siku ya tano mmoja akasema paa linavuja pembe ya nyuma, na wanalijua tangu mwaka jana. Tangu mwaka jana! Nikauliza kwa nini hamkusema. Akajibu, "Meneja, ungesema tuandike."

Msimu wa soko ukakaribia, barua ya mjini iko ukutani, na bado nilikuwa sina mteuzi wa kutegemea. Wiki moja kabla ya soko la kwanza kocha alikuja. Nilikuwa nimekata tamaa, nawaambia wazi. Nikamwambia mzee hataitikia, ameamua kufa na marahaba yake. Akaniuliza swali ambalo naliita swali la maisha yangu.

"Dada, ulimtukana wapi?"

"Kituoni. Siku ya soko, mbele ya wakulima."

"Na shikamoo umempelekea wapi?"

Nilinyamaza. Naye akanyamaza. Nilitamani aseme neno, aseme hata pole, hakusema. Nilimtukana mchana kweupe, nikaenda kumheshimu mafichoni, kwenye bani, ambako wa kuniona ni mkewe na moto.

Siku ya soko ilifika. Yule mzee ni mkulima pia, ana haki ya kuuza. Akaja amesimama kwenye foleni kama wengine, mzigo wake kwenye baiskeli. Wale wanunuzi binafsi walikuwa ng'ambo kama kawaida. Wachambuzi mlangoni. Mimi mezani. Kichwani nasikia, ukiwaamkia watakupanda kichwani, ukiwaamkia watakupanda kichwani. Zamu yake ikafika. Hakuniangalia, aliweka tu jani mezani.

Nikainuka. Nikazunguka meza. Uwanja ule una vumbi la tumbaku, jekundu, linaingia hadi kooni. Nikapiga magoti humo, na sketi yangu ya umeneja, na watu wote wananiona. Nikasema kwa sauti, "Pua yako haikufa, baba. Kichwa changu ndicho kilichokufa. Nisamehe. Shikamoo."

Niliangalia viatu vyake, vya matairi, kidole kimoja kina kidonda. Nikasema moyoni, asipoitikia sasa, ile barua ya kwenye pochi naitoa leo.

Akasema, "Marahaba."

Halafu akaongeza, "Mwanangu, mikono umenawa?"

"Nimenawa, baba."

Akaichukua mikono yangu, akainusa. Akaitupa. "Sabuni ya manukato! Kanawe kwa majivu, urudi."

Wakulima walicheka, wanawake walipiga vigelegele, na mimi, meneja, nikaenda nyuma ya jiko kunawa majivu huku nalia kwa sauti. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye meza yake ya zamani, analipangia jani la jirani yake daraja, na foleni inatembea.

Hakukubali kuajiriwa tena. Alisema atakuja siku za soko kwa hiari yake, na siku za katikati kupitia ghalani kusikiliza mafungu. Mara mbili alisema linapumua, na mara mbili tulipangua siku ile ile, mimi nikiwa wa kwanza kubeba. Lori la mwisho la msimu lilikwenda mjini tukakaa uani tunangoja. Liliporudi lilikuwa tupu. Sijawahi kufurahia kuona kitu kitupu kiasi kile.

Msinielewe vibaya. Kituo bado kinahema kwa shida. Wanunuzi binafsi bado wako ng'ambo, na wako wengi zaidi. Mwakani sijui. Lakini mlango uko wazi, wale akina mama bado wanachambua, na mama yangu alikuja Krismasi akakaa mwezi mzima.

Nimshukuru yule kijana wa Tanga, popote alipo Mungu amlinde, ambaye hakunipa jibu hata moja. Niwashukuru wachambuzi walioniambia ukweli siku ya tano. Nimshukuru mke wa yule mzee kwa togwa.

Na nyie viongozi wapya, ninachowaachia ni kidogo. Kocha akija, msitafute majibu mfukoni mwake. Mwacheni awaulize, na akinyamaza, nanyi nyamazeni, kaeni humo humo panapouma. Na kama kuna aliyewashauri muache shikamoo getini, kesho asubuhi rudini getini mkaiokote, bado ipo.

Sasa naomba nishuke. Kuna mzee kwenye benchi la mbele hajaitikia tangu mwanzo, anataka shikamoo yake peke yake, na muda wote huu anaangalia mikono yangu.